Tembo Arudi f8

Saa kumi na mbili jioni nafunga duka, ila taa siizimi.
Saa za watu zinabaki ukutani, kila moja na uongo wake.
Tunasogeza vikoleo, springi, vioo vidogo vya mviringo
mpaka ubao upate pa kukaa.

Nje Gyumri imeganda. Nyumba za mawe meusi zimebeba theluji mabegani.
Hrachik kaja na mkate ungali moto ndani ya koti,
Varazdat kaacha teksi ikinguruma mlangoni,
petroli yake, shauri yake,
na Nvard, mtoto wa dada yangu, kaja kwa kuwa hakuna aliyemzuia.

Tunaupanga tena ule mchezo wa Torgomyan,
hatua ya ishirini na tatu.
Farasi anaruka kutoka d4, anatua f5.
Malkia amebaki g5, peke yake, mdomoni mwa tembo.
Hakusahauliwa. Ameachwa,
kama mtu anavyoacha pochi mezani huku akikutazama usoni.

Na tembo akamla. Nani asingemla?
Hatua sita baadaye mfalme mweusi yuko katikati ya uwanja,
hana kofia, hana viatu,
anaswagwa na askari wawili wa miguu.
Tukifika hapo Varazdat hupiga meza
utadhani ni yeye aliyecheza.
Hrachik hutafuta tundu. Mwokaji huyo hasifu kitu
asichokikata kwanza.
Wiki tatu, na tundu halijaonekana.

Kwenye kiti cha wateja yupo Manvel,
karani mstaafu wa kiwanda cha soksi.
Kaleta saa isiyo na ubovu wowote.
Sote tunalijua, wala hatulitaji,
jina la aliyeshika kete nyeusi siku ile.

Mara mkono wake ukapita juu ya mkate,
ukamshika tembo.
Hakumla mtu. Akamrudisha f8.
"Hapa," akasema.

Kimya. Hata Varazdat.
g7 imefungwa. Malkia hana wa kumla, hana wa kumtisha.
Moto wote ule, kikombe kimoja cha maji.

"Niliiona kwenye ngazi, natafuta mkono wa koti.
Miaka arobaini na mitatu. Mke wangu alikufa hajui.
Wao waliandika magazetini, wakafundisha watoto shuleni,
nami nikasema basi, na awe nayo."

Nvard alikuwa anatafuna ganda la mkate.
Akapangusa makombo ubaoni kwa ukingo wa kiganja,
akamsogeza mfalme mweupe, g1 hadi h1.
Hatua moja, kama anayempisha mwenziwe mlangoni.

"Ya nini hiyo?" akauliza Hrachik,
na kabla hajamaliza akaiona.
Kisha Varazdat. Kisha mimi, wa mwisho kama kawaida.
Kando ya mfalme ilikuwapo ngome,
ambayo huku kwetu tunaiita mashua,
na sasa safu nzima ya g imekuwa mto.
Askari apande g6? Farasi h6.
Tembo amle farasi?
Malkia yupo palepale. Hajaenda popote tangu mwanzo.

"Kumbe ungekufa tu," mtoto akasema, bila ubaya.

Nilitaka kumfinya.
Manvel akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.
Nje teksi ikazimika yenyewe, na Varazdat hakugeuka.
Niliwaza juu ya zile ngazi, alivyozishuka kila usiku
akiwa na zawadi mfukoni aliyomsamehe mtu,
na mfuko, kumbe, mtupu.

Akacheka kidogo, puani. Au alikuwa na mafua.

"Rudisheni," akasema. "Kuanzia farasi. Polepole.
Na safari hii
niacheni nimle."